NYUMBA TUZIJENGAZO NA TABIA ZAKE KATIKA MOTO

(Hotuba kwa wanachama wa Kitale na Bungoma)



Kila fundi amekwisha kuulizwa na mwenye kiwanja: "Nijenge kwa kitu gani?" Mara nyingi shida yake ni bei. Ni wachache wanaouliza nyumba itafanya nini siku moto utakapoingia. Basi yatupasa sisi kuijua habari hiyo, maana ni kazi ya mikono yetu, na wanaolala ndani ni ndugu zetu.

Kwanza, nyumba ya miti na udongo yenye paa la nyasi. Ukuta wa udongo hauungui upesi. Adui yuko juu. Cheche moja ikirukia nyasi kavu, paa lote hushika, kisha humwangukia aliye ndani.

Pili, nyumba ya mbao na mabati, kama vyumba vingi vya kupanga. Watu husema bati haliungui. Ni kweli, lakini hupitisha joto, na mbao za upande wa pili zikashika. Boriti nene ya mti huungua polepole, kadiri ya milimita 40 kwa saa, na moyo wake hubaki na nguvu. Lakini ubao wa inchi moja ukiliwa pande zote mbili haufiki nusu saa. Mnakumbuka Septemba 5, 2024, huko Nyeri: bweni la mbao na mabati la Hillside Endarasha liliungua usiku, wakafa wavulana 21.

Tatu, maduka ya matofali yaliyopangwa mstari mmoja. Tofali la kuchoma limezaliwa motoni, haliogopi moto. Kosa liko juu ya dari. Tukiukomesha ukuta wa kati kwenye dari, moto wa duka moja hupanda, ukakimbia chini ya mabati na kuyashukia maduka yote. Fundi, pandisha ukuta huo mpaka bati, na uzibe mianya kwa simiti. Gharama yake ni matofali machache tu.

Nne, ghala la nguzo na mihimili ya chuma, kama tunayowekea mahindi. Chuma hakiungui, lakini kikifika digrii 600 hivi za joto hupoteza kama nusu ya nguvu yake, kikapinda na kuvuta paa chini. Kwa hiyo ghala likiwaka, asiingie kibarua kuokoa magunia. Gunia hununuliwa tena.

Tano, zege. Hili hushinda yote, iwapo chuma kilicho ndani kimefunikwa vizuri. Nanyi mwajua yanayotendeka siku ya kumwaga zege: msimamizi anahimiza, vijiwe vya kuinulia vyuma havikuwekwa, vyuma vinalala juu ya mbao. Mbao zikibanduliwa, chuma kinachungulia, nasi twaambiwa tupake simiti kidogo kuficha. Ndugu zangu, hiyo ni kuficha jeraha. Moto ukija, chuma hicho hupata joto upesi na sakafu hushuka.

Lakini jengo kusimama si sawa na watu kupona. Machi 25, 1911, mjini New York, kiwanda cha nguo kiliungua ndani ya jengo lililojengwa lisishindwe na moto. Jengo lile lasimama hata leo. Wafanya kazi 146 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Na kwetu, Machi 26, 2001, shule ya Kyanguli, Machakos: wavulana 67 walikufa katika bweni lenye mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Moshi humwangusha mtu kabla mwali haujamfikia, hana nafasi ya kutafuta ufunguo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iko upande wetu: watu wakiwa ndani kazini, mlango wa kutokea usifungwe kwa namna ambayo hawawezi kuufungua kwa urahisi. Hata hivyo wako wenzetu wanaofungiwa usiku na tajiri kwa kuogopa wizi. Mwenye kufanyiwa hivyo asinyamaze, wala asigombane peke yake. Amwambie mwakilishi wa chama, mambo yaandikwe, yapelekwe kwa mkaguzi wa serikali.

Nasi tutimize yetu. Seremala, fungia mlango ufunguke kwa kwenda nje. Fundi wa vyuma, kila chumba kiwe na dirisha moja ambalo vyuma vyake hufunguka kutoka ndani bila ufunguo. Mwashi, pandisha ukuta. Kibarua, usimwage zege kabla vyuma havijainuliwa. Na mmoja akisema hivyo, wote tusimame naye, maana mmoja hufukuzwa, ishirini husikilizwa.

Umoja ni nguvu.