Neno Dogo la "By": Maana Zake na Matumizi Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya Kiingereza cha ofisini. Tumechagua neno la herufi mbili tu, nalo ni "by". Ni dogo, lakini mdharau mwiba mguu huota tende.

Asili yake, katika Kiingereza cha kale, ni karibu au kando, na maana hiyo ingalipo: "by the door" ni kando ya mlango. Likifuata kitenzi cha kutendwa huwa ni "na" yetu: "signed by the clerk", imetiwa sahihi na karani. Katika njia ya kusafiri au kupeleka kitu huwa ni "kwa": "by train", "by post". Lakini tuangalie: sisi twasema kwa gari na kwa kisu pia, ila Mwingereza kisu hukiambia "with". Tena "By hand" juu ya bahasha si kwamba imeandikwa kwa mkono, bali ipelekwe na mtu, isitiwe posta.

Katika hesabu, mshahara wa 100 ukiongezwa "by 120" utakuwa 220. Ukiongezwa "to 120", zimezidi 20 tu. Asomaye vibaya hukopa dukani fedha asizokuwa nazo.

Katika wakati ndipo tulipoumia. Mwaka mmoja ililetwa barua kwamba maombi ya kupandishwa daraja yafike "by the 15th". Mwenzetu mmoja, hodari wa kazi, alifahamu kuwa tarehe 15 ndiyo siku ya kupeleka; akaitia yake posta asubuhi ile kwa furaha. Ikafika tarehe 18. Akajibiwa mstari mmoja, akangoja mwaka mzima. Nasi tuliokaa naye chumba kimoja tuliisoma barua ile ile, wala hatukumwonya, kwa kuwa nasi tulidhani hivyo hivyo.

Maana yake ni kwamba tarehe 15 isipite kabla maombi hayajafika. Hata tarehe 1 yangalipokewa. "Until" ni la jambo liendelealo mpaka siku fulani. "By" ni la jambo litimizwalo siku ile au kabla yake.

Basi, ndugu zetu, barua yenye tarehe tuulizane kabla ya kuitia katika faili. Kuuliza si ujinga.