Homa ya Ini C: Dawa Ipo, Nani Ataruhusiwa Kuimeza?
Maneno kwa barza ya vijana, Mishomoroni



Leo tuzungumze homa ya ini aina ya C. Si B, ile yenye chanjo. Hii haina chanjo. Huingia kwa damu, na yaweza kukaa ndani ya ini miaka ishirini mtu hana habari, mpaka siku tumbo lajaa maji na ini limeshaharibika.

Lakini yatibika. Si kutulizwa kama Ukimwi, la, ni kupona kabisa. Vidonge vya kumeza, aghlabu kwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona. Sofosbuviri ilipoidhinishwa Marekani Desemba 2013, kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000. Ndiyo, kimoja! Mwaka 2023 ikatangazwa bei ya dola 60 kwa matibabu mazima, kwa nchi za kipato kama chetu.

Hebu tazameni Misri. Tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980 serikali iliwadunga watu dawa ya kichocho, na sindano zikirudiwa mtu baada ya mtu. Virusi vikaenea nchi nzima. Halafu, kuanzia Oktoba 2018, wakapima karibu watu milioni 50 kwa miezi michache tu. Waliotibiwa wamepita milioni 4. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitaja Misri nchi ya kwanza kufika daraja la dhahabu katika safari ya kuyatokomeza maradhi haya.

Kwetu ugonjwa umejikusanya zaidi kwa ndugu zetu wanaojidunga unga. Njia ni ile ile ya Misri: sindano iliyotoka kwa mwengine. Ila mkulima wa Misri aliitwa mgonjwa, na wetu aitwa teja. Teja akifika hospitali hutazamwa mikono kabla ya kuulizwa aumwa wapi. Mwajua wenyewe.

Sindano safi zilipoanza kugawiwa hapa Pwani, zaidi ya miaka kumi iliyopita, wazee wetu wengi walipinga. Hofu yao naielewa, hakuna mzazi atakaye kuona mwanawe akipewa sindano. Lakini huyu kijana ashajidunga tayari. Na aliyepona C hapati kinga, akichangia sindano tena aambukizwa upya. Kwa hivyo vidonge bila sindano safi, na bila methadone kama ile ya kliniki ya Kisauni, ni kuchota maji kwa pakacha.

Jambo jengine, kipimo cha kwanza chaonyesha tu kuwa mwili umewahi kukutana na virusi. Wako wanaopona wenyewe. Lazima kipimo cha pili kitafute virusi vyenyewe, na hapo ndipo wengi hupotea: aambiwa arudi siku nyengine, hana nauli, harudi.

Kifungu cha 43 cha Katiba chasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya. Kila mtu, hata wa maskani. Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, twendeni na maswali mawili. Kipimo cha pili chapatikana wapi Kisauni, bure? Na dawa za C zimetengewa shilingi ngapi? Jibu waliandike, na sisi tuondoke na nakala.