Mwenyeji na Mgeni katika Visiwa vya Matumbawe

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wa chama chetu aliponiandikia barua kunitaka niseme neno mwaka huu, aliongeza chini yake kwamba wanafunzi wamechoka na hotuba za nidhamu na bidii. Nami nimechoka nazo. Nilizisikiliza miaka sita katika bwalo hili hili, nikiwa na njaa. Kwa hiyo nitazungumza juu ya mimea. Chuo Kikuu nilisoma elimu ya mimea, kisha Serikali ikanipa meza na majalada, na tangu hapo sehemu kubwa ya mimea yangu huniijia ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Katika karatasi hizo kuna maneno mawili ambayo hayaishi kunisumbua, nayo ni "mwenyeji" na "mgeni". Nimeona afadhali nikayatazame mbali na hapa, katika visiwa vidogo vya Bahari ya Hindi, mahali ambapo maneno hayo yaliamua mambo makubwa.

Kwanza mfahamu kisiwa cha matumbawe ni kitu gani. Hakina mlima wala mto. Kimejengwa na vijinyama vya baharini ambavyo mifupa yake imegeuka jiwe, na udongo wake ni mchanga wa chokaa. Mvua ikinyesha, maji hupenya jiweni, yakaelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, maana maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Tabaka hilo jembamba ndilo kisima cha kila mti. Mbolea nayo huletwa na ndege wa baharini, ambao huvua samaki mbali, wakarudi kulala mitini na kuangusha kinyesi chao chini.

Kisha kisiwa cha namna hiyo, kikiwa mbali na bara, hakirithi kitu. Mmea wowote ulio pale umefika kwa safari. Mbegu za mlakasa na za mtondoo huelea baharini muda mrefu bila kuoza, ndiyo sababu mnaiona mimea hiyo pwani kwetu na pwani za Asia vile vile. Nyingine hupeperushwa na upepo. Nyingine hupanda ndege. Upo mti mmoja ambao wataalamu huuita Pisonia grandis, mti mkubwa mweupe wa shina, ambao mbegu zake zina ulimbo. Ndege akipumzika hapo huruka nazo zimemnata manyoyani mpaka kisiwa kingine. Ndege mwingine mwenye bahati mbaya hunatwa na nyingi mno hata ashindwe kuruka, akafa chini ya mti ule ule uliomtuma kazi. Wanafunzi wa Biolojia wanaofikiri kwamba maumbile ni upole mtupu waukumbuke mti huo.

Sasa niende Chagos. Ni visiwa karibu 60 vidogo, kiasi cha kilometa 500 kusini ya Maldives, na kikubwa kati yao ni Diego Garcia. Mimea iliyofika huko yenyewe haizidi aina 50. Mimea iliyofikishwa na watu ni zaidi ya aina 200. Tena hao wenyeji wachache karibu wote si wa Chagos peke yake: ni mimea ya pwani inayopatikana katika pwani nyingine nyingi. Mtu akitafuta mmea wa ajabu usiopatikana popote duniani, Chagos si mahali pake. Lishikeni jambo hilo, nitalirudia.

Katika miaka ya 1780 Wafaransa kutoka Mauritius walianza kulima minazi huko. Waliofanya kazi walikuwa watumwa kutoka Madagascar na Msumbiji, yaani watu wa upande huu wetu wa bahari. Misitu ya asili ilikatwa, minazi ikapandwa kwa safu, nazi zikaokotwa, zikafuliwa, zikavunjwa, mbata zikaanikwa na mafuta yakakamuliwa. Visiwa vikajulikana kwa jina la Visiwa vya Mafuta. Waingereza walichukua utawala baada ya vita vya Napoleon, na mwaka 1835 utumwa ukakomeshwa katika koloni la Mauritius, lakini shamba likabaki shamba. Watoto wa wale waliopelekwa kwa nguvu wakazaliwa hapo, wakazika wazee wao hapo, wakawa na Krioli yao na nyimbo zao.

Mnazi ni mti tunaoupenda. Sitaki mtu wa Pwani anikasirikie leo, hasa kwa kuwa wapishi wamenieleza kuna wali wa nazi. Lakini shamba la minazi lililoachwa si shamba tena. Nazi huanguka, huota chini ya mama yake, nazo huzaa na kuangusha, mpaka pakawa na kichaka cha makuti kisichopitika na ambacho mmea mwingine hauoti ndani yake. Ndege wengi wa baharini hawapendi kujenga viota katika minazi; wanataka matawi ya miti ya asili. Tena merikebu zilizoleta wakulima zilileta panya, na panya hula mayai na makinda. Basi ndege wakapungua, na walipopungua ndege, mbolea nayo ikakatika.

Kukatika kwa mbolea kunafika wapi? Mwaka 2018 lilichapishwa jarida la Nature lenye uchunguzi uliofanywa huko huko Chagos, visiwa sita vyenye panya na sita visivyo na panya. Katika visiwa visivyo na panya ndege walikuwa wengi mara 760 zaidi kwa eneo lile lile. Naitrojeni iliyoangushwa na ndege ilikuwa mara 251 zaidi. Na baharini, kwenye miamba iliyo mbele ya visiwa hivyo, uzito wa samaki wote pamoja ulikuwa juu kwa asilimia 48. Samaki! Yaani kinyesi cha ndege huoshwa na mvua, kikaingia baharini, kikalisha mwani, mwani ukalisha samaki. Mvuvi anayelalamika kwamba bahari imekauka pengine anapaswa kugeuka nyuma na kuitazama nchi kavu.

Kisiwa cha Palmyra, kilichoko Bahari ya Pasifiki na kinachomilikiwa na Marekani, kinasimulia hadithi karibu hiyo hiyo kwa upande wa miti. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba taa wakubwa wa baharini walikuwa wengi zaidi mbele ya pwani zenye msitu wa asili kuliko mbele ya pwani zenye minazi. Panya wa Palmyra walikwisha kuondolewa mwaka 2011. Baada ya hapo miche ya miti ya asili ilichipuka kwa wingi usiotazamiwa. Lakini, na hapa ndipo napenda elimu hii, minazi michanga nayo iliongezeka, maana kumbe panya walikuwa wakiitafuna. Ukimwondoa mgeni mmoja, mgeni wa pili akanenepa.

Mnazi wenyewe ni mgeni wa wapi? Mwaka 2011 wataalamu walipima chembe za urithi za minazi zaidi ya 1,300 kutoka pande zote za dunia. Wakaona koo mbili: moja ya Pasifiki, moja ya upande wa India ya kusini, Sri Lanka na Maldives. Minazi ya Madagascar, Komoro na mwambao wetu ikaonekana imechanganya damu za koo zote mbili, kwa sababu mabaharia kutoka visiwa vya Asia ya kusini-mashariki walikuja na nazi zao zamani. Kwa hiyo mti tunaoapa kuwa ni wetu tangu enzi na enzi uliletwa na watu katika vyombo. Sioni aibu yoyote. Na mkonge, uliowajengea wengine wa baba zetu nyumba? Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62. Mkoa mzima wa Tanga ukabadilika kwa miche 62.

Nautaja mkonge kwa sababu unanipeleka Aldabra. Kisiwa hicho ni cha Shelisheli, lakini kiko karibu na sisi kuliko na Mahé, maana kutoka pwani ya Afrika ni kama kilometa 640. Nacho ni jiwe la matumbawe, ila kimeinuka mita kadhaa juu ya bahari, na kimekaa nje ya maji kiasi cha miaka 125,000. Muda huo umetosha kuzaa mimea isiyo na ndugu mahali pengine. Uko mkadi wa Aldabra na uko mshubiri wa Aldabra. Ziko nyasi fupi mno, ambazo kobe wakubwa wamezila kwa vizazi na vizazi mpaka zikajifunza kuzaa mbegu chini kabisa, mahali ambapo mdomo wa kobe haufiki. Kobe hao ni kiasi cha 100,000. Watu walipeleka huko minazi, mkonge na mbuzi. Mbuzi walikula vichaka ambavyo kobe hujificha chini yake wakati wa jua kali, na kobe asiye na kivuli hufa. Kazi ya kuwamaliza mbuzi ilianza miaka ya 1980 ikakamilika mwaka 2012. Mkonge nao, kila mmoja ukitoa mlingoti wake wenye mamia ya vitoto, si adui wa kumaliza kwa panga. Mwaka 2015 yalichapishwa majaribio ya dawa za kuuulia huko.

Sasa nakuja kwenye majalada. Mwezi wa Novemba 1965 Uingereza iliikata Chagos kutoka Mauritius, na Aldabra pamoja na visiwa vingine viwili kutoka Shelisheli, ikaunda koloni jipya kwa ajili ya mambo ya kijeshi. Aldabra ilitakiwa ijengwe uwanja wa ndege. Wataalamu wa Uingereza na Marekani wakapiga kelele, wakiongozwa na Royal Society ya London: kobe, ndege, mimea isiyopatikana popote! Magazeti yakaandika, wabunge wakauliza maswali. Mwezi wa Novemba 1967 paundi ikashushwa thamani, mpango ukaachwa. Naamini fedha ilifanya kazi kubwa kuliko kobe, lakini kelele nazo zilisaidia. Mwaka 1976 Aldabra ikarudi Shelisheli, na mwaka 1982 ikaandikwa kuwa Urithi wa Dunia.

Diego Garcia, ambayo ilikuwa tayari katika mipango, ikabaki. Nani angeipigia kelele? Haikuwa na mkadi wa peke yake. Ilikuwa shamba la minazi tu, mimea ya kawaida na wageni wengi. Na watu? Hapo maafisa wa London, watu wa kazi kama yangu, waliandika karatasi ambazo baadaye zilisomwa mahakamani. Waliamua watu wa Chagos waitwe vibarua wa mkataba, wakaaji wa muda, kusudi isionekane kwamba kisiwa kina wenyeji. Mashamba yakanunuliwa na kufungwa. Kati ya 1968 na 1973 watu kati ya 1,500 na 2,000 waliondolewa, wakashushwa Mauritius na Shelisheli. Minazi waliyoipanda babu zao ilibaki ikiota ovyo.

Mwaka 2010 Uingereza ilitangaza bahari ya Chagos kuwa hifadhi, uvuvi marufuku. Mimi ni mtu wa hifadhi, nimetetea hifadhi mara nyingi mezani. Lakini Wachagosi walisema hifadhi hiyo imewekwa ili wasirudi, na sina sababu ya kuwabishia. Mwaka 2015 mahakama ya usuluhishi ilitamka kwamba Uingereza ilivunja sheria ya bahari kwa jinsi ilivyoitangaza. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba utawala wa Uingereza huko ukomeshwe. Mwezi wa Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba juu ya visiwa hivyo.

Kijana mmoja aliniuliza asubuhi hii, nilipomdokeza nitakayosema, kama basi minazi ya Chagos ikatwe au iachwe. Jibu langu ni hili. Katika visiwa ambavyo hakuna mtu aliyewahi kukaa, ikatwe, panya waondolewe, na Pisonia na mitondoo ipewe nafasi yake, maana hesabu ya samaki nimekwisha kuwasomea. Mahali palipokuwa na kijiji, kanisa na makaburi, asiguse mtu mnazi mmoja kabla ya kuwauliza Wachagosi. Wao wanajua ni nani aliyeupanda. Na katika orodha za mimea tuache kuandika "mwenyeji" na "mgeni" tukaishia hapo. Tuandike ulifikaje, lini, na nani aliuleta. Safu tatu badala ya moja. Karani atanung'unika, lakini atajaza.

Majani niliyoyakausha, ya mlakasa, mtondoo, mkadi na mvinje, yote ya pwani yetu, nimeyaacha maabara ya Biolojia pamoja na mbegu zake. Anayetaka kuona kwa macho yake aitumbukize mbegu ya mtondoo katika ndoo ya maji ya chumvi, aandike tarehe, asubiri. Maswali nitayapokea baada ya chakula.