Pauni 50 za Kuingilia Kenya

Mwaka 1938 mtoto wa miaka mitano, Stefanie Zweig, aliteremka Mombasa na mama yake wakiikimbia Ujerumani ya Hitler. Baba yake, wakili aliyenyang'anywa kazi kwa kuwa Myahudi, alikwisha kutangulia na alikuwa akisimamia shamba Rongai. Baadaye Stefanie aliandika riwaya kuhusu miaka hiyo, nayo ikatengenezewa filamu iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2003.

Msikilizaji, mlango huo haukuwa wa bure. Serikali ya kikoloni ilidai dhamana ya pauni 50 kutoka kwa mgeni, ilhali Wanazi walikuwa wakiwapora Wayahudi mali kabla ya kuwaachia kuondoka. Wengine waliokolewa na Wayahudi wa Nairobi waliowalipia. Asiye na wa kumlipia alibaki.

Julai 1938, nchi 32 zilikutana Evian, Ufaransa, kuwajadili wakimbizi hao. Karibu zote zilitoa udhuru. Uingereza ilitaja Kenya, kwa familia chache tu. Hata hizo chache ziliwakera walowezi wa Nyanda za Juu, kama walivyokereka mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipotaka kuwapa Wayahudi Uasin Gishu, na mlowezi Lord Delamere akaongoza upinzani. Wahindi nao walihoji, na kwa haki, iweje raia wa himaya wakatazwe ardhi ambayo wageni wanapewa. Waafrika waliopokonywa ardhi hiyo hawakuulizwa na yeyote.

Vita vilipoanza 1939, wanaume waliomkimbia Hitler walikamatwa hapahapa Kenya wakiitwa raia wa adui.

Wazee wa Bombolulu wanaijua hadithi ya namna hii kwa karibu. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, majahazi yalileta watu wa Barawa na Kismayu hadi Mombasa. Wengi waliwekwa kambi ya Utange, hapa hapa Kisauni. Wabarawa walikuja na Chimwiini, lugha ambayo msemaji wa Kiswahili huitambua upesi kuwa ya ndugu. Hata hivyo kambi za pwani zilifungwa katika miaka hiyo ya 1990, na waliokuwamo wakatakiwa kwenda Kakuma na Dadaab, kwenye ukame, mbali na bahari waliyoizoea.

Hofu ya idadi haikuisha. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha kifungu cha sheria kwamba Kenya isiwe na wakimbizi zaidi ya 150,000, wakati waliokuwa nchini walizidi hapo kwa mbali. Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho 2015, nayo ilifanya jambo jema, kwani kukitii kungekuwa kuwarudisha watu vitani.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki yao ya kufanya kazi. Lakini Mpango wa Shirika, ule wa serikali wa kuwajumuisha wakimbizi na wenyeji, uliozinduliwa Machi 2025, umeelekezwa zaidi Turkana na Garissa. Wabunge wa Mombasa waulizwe wazi: mkimbizi anayeishi Kisauni, mwenye ufundi mkononi, atapata kibali chake cha kazi katika ofisi gani, na baada ya muda gani?