Msichana wa Kilifi Katika Theluji: Ni Nini Humfanya Mwanamichezo?

Februari 2018 Sabrina Wanjiku Simader, mzaliwa wa Kilifi, alishuka mlima wa theluji huko Korea Kusini katika mbio za skii za super-G za Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Pyeongchang, akamaliza wa 38. Ndiye aliyebeba bendera ya Kenya, na hapakuwa na Mkenya mwingine wa kushindana. Wengi walimwona kama kioja: mtoto wa mwambao kwenye barafu! Mimi naona safari yake ni ushahidi mzito kwamba kipaji peke yake hakimfikishi mtu popote, na kwamba bingwa hutengenezwa na mahali, mlezi na muda.

Tuitazame njia yenyewe. Alizaliwa 1998, akahamia Austria na mama yake akiwa na umri wa miaka 3 hivi, na baba yake wa kambo akamtia katika mchezo wa skii angali mdogo. Mwaka 2016 alishindana katika Olimpiki ya Vijana ya Lillehammer, na 2017 katika Mashindano ya Dunia ya St. Moritz. Sasa mlinganishe na Philip Boit, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya theluji, Nagano 1998. Boit alikuwa mkimbiaji hodari kutoka Bonde la Ufa; alipelekwa Finland kufunzwa skii ukubwani, kwa fedha za kampuni ya Nike. Katika mbio za kilomita 10 alikuwa wa 92, wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngojea kwa heshima kwenye utepe. Pumzi za nyanda za juu alikuwa nazo, na ushujaa alikuwa nao tele. Alichokosa ni utoto kwenye theluji, na hicho hakinunuliwi ukubwani.

Yuko atakayesema: basi Simader ni Mwaustria, sisi tunajitapa kwa jasho la wengine. Hoja hii ina ukweli, na ukweli huo ndio unaotuuma. Jasho la kumlea kimichezo halikuwa letu, ndiyo maana Olimpiki ya Beijing ya 2022 ilipofika Kenya haikuwa na mshindani hata mmoja. Taifa linalotegemea bahati ya familia moja halina mchezo, lina mtu. Lakini kumkana hakutatusaidia; afadhali tujiulize ni mabinti wangapi wa mwambao wenye mwili na moyo kama wake ambao hawajawahi kupewa mwalimu.

Hapa Amu (Lamu) hatuna theluji, wala sidai tuitafute. Tuna bahari, tuna kaskazi na kusi, tuna mafundi wa Matondoni wanaojua ubao gani unafaa wapi. Mashindano ya mashua hujaza watu ufukweni, na kijana wa kiume hujifunza tanga na demani akiwa mdogo, vilevile kama mtoto wa Austria anavyojifunza mteremko. Dada yake hubaki kutazama. Hapo ndipo tunapopoteza nusu ya mabaharia wetu kabla hawajashika kamba.

Pingamizi kubwa zaidi ni la stara, nami silipuuzi, maana stara ni katika heshima ya mji huu. Ila Abu Daud amepokea kwamba Mtume (SAW) alishindana mbio na Bibi Aisha. Ibtihaj Muhammad wa Marekani alipata medali ya shaba ya timu katika mchezo wa vitara, Rio 2016, akiwa amevaa hijabu. Stara hupangwa: kwa mavazi, kwa walimu wanawake, kwa saa na mahali pao. Kinachokosekana ni mpangaji. Na anayesema kaunti ina shida kubwa zaidi, maji na hospitali, asisahau kwamba msichana wa kisiwani anayejua kuogelea na kuongoza chombo ana kinga ya uhai wake mwenyewe, medali ije au isije.

Kwa hiyo naziomba shule za Amu, Pate na Faza zianze na wasichana wa darasa la nne: kuogelea kwanza, kisha tanga, chini ya walimu wanawake. Nanyi manahodha wa Shela, wafunzeni mabinti zenu yale mnayowafunza wana wenu. Anzeni kusi hii.