Baragumu ya Yubile na Siku ya Upatanisho
Hotuba ya waimbaji katika ibada ya shukrani ya miaka 50 ya kwaya

 

 Tulipopewa nafasi hii wengi walitarajia historia. Historia mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu, na picha zipo. Sisi tungependa kusema juu ya neno lililoandikwa kwenye jalada na kwenye sare tulizovaa leo: yubile.

Neno hili tunalipata katika Mambo ya Walawi mlango wa 25. Kila mwaka wa 50, Waisraeli waliagizwa kupiga baragumu katika nchi yote. Mtumwa angerudi kwa jamaa yake, na aliyeuza shamba la baba yake kwa sababu ya shida angelirudia. Sehemu hiyo tunaipenda. Lakini fungueni mstari wa 9 muone tarehe. Baragumu haikupigwa siku ya mavuno wala siku ya Pasaka. Ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, ambayo ndiyo Siku ya Upatanisho, siku ambayo taifa zima lilifunga na kuhani mkuu akaingia patakatifu kwa ajili ya dhambi za watu. Sherehe ya miaka 50 ilianzia hapo. Kwanza hesabu ya dhambi, ndipo baragumu.

Kwaya inajua kutoa hesabu. Kila mwisho wa mwaka mweka hazina husimama na kitabu chake, akasoma kilichoingia na kilichotoka, na mtu wa sauti ya besi huuliza swali nyuma. Hesabu ya roho ndiyo ngumu.

Hebu tumtazame Daudi, kwa kuwa yeye ni mwimbaji mwenzetu. Alimchukua mke wa Uria Mhiti, kisha akaandika barua ya kumwua Uria na kumpa Uria mwenyewe aipeleke vitani. Uria hakuwa mtu wa mbali. Jina lake limo katika orodha ya mashujaa wa Daudi, 2 Samweli 23, tena ni la mwisho kabisa. Mambo yalitulia. Mtoto akazaliwa, na ikulu ikaendelea na kazi zake. Ndipo Mungu akamtuma Nathani na kisa cha maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akahukumu kwamba tajiri yule alipe mara nne, kabla hajajua kwamba anajihukumu mwenyewe.

Toba yake imeandikwa katika Zaburi ya 51. Na hapa, ndugu waimbaji, tusome maneno madogo yaliyo juu ya zaburi, yale ambayo wengi huyaruka. Zaburi hiyo alikabidhiwa mkuu wa waimbaji. Mfalme alitenda dhambi gizani, kisha toba yake ikawekwa mikononi mwa kwaya iimbwe mbele ya watu, pamoja na maelezo ya kosa lenyewe na jina la nabii aliyemkemea. Ni mfalme gani mwingine aliyekubali hivyo? Wengi wangeagiza wimbo wa kusifu ushindi wao.

Lakini kuna jambo katika zaburi hiyo linalotusumbua, na ni vizuri lisemwe. Daudi anamwambia Mungu kwamba amemkosea yeye peke yake. Na Uria je? Tunaelewa kwamba kila dhambi humfikia Mungu kwanza, kwa kuwa aliyeumizwa ni mtu wake. Ila wako wanaojificha ndani ya mstari huo. Mtu amekula pesa za chama, au amesogeza mpaka wa shamba la mjane wa ndugu yake, naye husema, “Mimi nimeshatubu kwa Mungu, yaliyopita yamepita.” Jumapili yuko mstari wa mbele, mikono juu. Mjane naye yuko kiti cha nyuma, anamsikiliza akiimba. Maandiko hayakumwacha Uria apotee hivyo. Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana Yesu, alipomfikia Sulemani alisema mama yake alikuwa mke wa Uria. Karne nyingi zimepita, na jina lingali pale.

Je, basi tunaokolewa kwa kulipa? Hapana. Daudi asingeweza kumrudisha Uria hata kwa ufalme wote. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali, akajipiga kifua, akaomba ombi fupi sana la kuhurumiwa, akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Hakuwa na kitu cha kuleta. Katika mlango unaofuata yuko Zakayo, na tuangalie mpangilio wa mambo. Yesu ndiye aliyemwita na kuingia nyumbani mwake, Zakayo akiwa bado hajarudisha hata senti. Baada ya kupokelewa ndipo akasimama mwenyewe na kuahidi kurudisha mara nne, kipimo kilekile ambacho Daudi alikitamka kwa tajiri wa Nathani. Neema ilitangulia, na mkono ukafunguka.

Wazee wetu waliofikiwa na Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotujia Kenya kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, waliliishi jambo hili. Mtu aliyeokoka alifunga safari kurudisha jembe la jirani au pesa za mwajiri, kisha ndugu wakamwimbia Tukutendereza kwa Kiganda, hata wasiojua Kiganda. Wimbo ulikuja baada ya ushuhuda.

Bwana alisema tukiwa madhabahuni na tukakumbuka kwamba ndugu ana neno juu yetu, sadaka ingoje. Sadaka ya kwaya ni wimbo. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya Mchungaji, ratiba ina nafasi ya kimya ya dakika kumi na tano kabla ya nyimbo za shukrani. Anayetaka kuomba aombe mahali alipoketi. Anayetaka mtu wa kuomba naye, wazee watakuwa mbele. Na kama mtu unayepaswa kuzungumza naye yumo humu, au yuko kule nje kwenye sufuria, au ni wa kupigiwa simu, milango yote miwili iko wazi. Mwalimu wa kwaya hatatoa sauti mpaka waliotoka warudi.