Tone la Damu la Kisigino: Huduma za Vinasaba Zianzie Wapi?

Huduma za vinasaba zinapotajwa, wengi hufikiria maabara yenye kiyoyozi, mashine ya kusoma mfuatano wa vinasaba, na daktari bingwa mmoja anayepatikana hospitali ya taifa kwa rufaa. Mipango mingi huanzia hapo, ikitumaini kwamba siku moja huduma itashuka hadi mikoani. Hoja yangu jioni hii hapa chuoni ni kwamba kwa Tanzania ngazi ya huduma hizo ipandwe kutoka chini. Huduma ianzie wodi ya wazazi na kliniki ya mama na mtoto, ianze na ugonjwa mmoja tunaoujua vizuri, na magonjwa mengine yafuate njia ambayo huo utakuwa umeifungua. Ugonjwa wenyewe ni selimundu, au siko seli kama unavyoitwa mitaani.

Ni vigumu kutaja ugonjwa mwingine wa kurithi ulioifundisha sayansi mengi kiasi hiki huku wagonjwa wake wakifaidi machache kiasi hiki. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza chembe nyekundu za damu zilizopinda mithili ya mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo ndani ya molekuli ya hemoglobini, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akabaini kwamba tofauti nzima ni ya asidi amino moja tu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana kimeenea mno Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria: palipokuwa na malaria nyingi kilimlinda aliyebeba kimoja, na gharama ya ulinzi huo ikalipwa na mtoto aliyerithi viwili. Watu wa ukanda huu walitoa damu yao ili dunia ielewe jambo hilo. Deni lao bado liko mikononi mwetu.

Makadirio yanayotumika kwa Tanzania ni watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, yaani 30 kila siku. Idadi hiyo inaiweka nchi yetu karibu na kilele cha orodha ya dunia, pamoja na Nigeria, India na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika Kanda ya Ziwa, utafiti wa matone makavu ya damu ya watoto wadogo uliofanyika katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano hubeba kinasaba kimoja, na kama mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Hesabu hizo mbili zinashikana. Ikiwa mmoja kati ya watano anaoana na mmoja kati ya watano, ndoa nne katika kila mia zitakuwa za wabebaji wawili, na robo ya watoto wao watarithi kutoka pande zote mbili. Robo ya nne ni moja. Nimeirudia hesabu hii kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo ushauri nasaha hukwama. Mzazi akiambiwa "mmoja kati ya wanne" ni rahisi aelewe kwamba akishampata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Sivyo. Kila mimba huanza upya, na bahati ya mtoto wa kwanza haimgusi wa pili. Muuguzi asiyeweza kulieleza hilo kwa lugha ya nyumbani hajatoa huduma ya vinasaba, hata mashine za thamani zikiwa nyuma yake. Anayeweza ameitoa, hata akiwa amekaa na wazazi chini ya mwembe.

Kwa nini tumpime mtoto kwa tone la damu la kisigino anapozaliwa badala ya kungoja augue? Jibu limo katika damu yake. Mtoto huzaliwa akiwa bado na hemoglobini aliyoitumia tumboni mwa mama, ambayo haipindishi chembe. Inavyopungua katika miezi ya mwanzo ndivyo ile yenye kasoro inavyochukua nafasi. Kwa hiyo mtoto huonekana mzima kabisa. Kisha, anapokaribia nusu mwaka, vidole huvimba na macho huanza umanjano. Wakati huohuo bandama, ambayo kazi yake ni kuchuja bakteria katika damu, huharibika polepole bila dalili yoyote ambayo mama anaweza kuiona. Bakteria wa nimonia akiingia hapo, homa ya asubuhi inaweza kuwa msiba wa usiku. Mtoto asiyewahi kupimwa ataandikwa kwenye rejista kwamba amekufa kwa malaria au kwa upungufu wa damu, na ugonjwa usioandikwa hauombewi bajeti.

Kinga ya kifo hicho si ghali. Mwaka 1986 matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani yalionyesha kwamba penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku ilipunguza maambukizi ya bakteria hao kwa asilimia 84 kwa watoto wadogo wenye selimundu. Chanjo dhidi yao inatolewa Tanzania tangu 2013. Ipo pia dawa ya haidroksiyurea, ambayo kwa miaka mingi ilihofiwa kwamba ingewaongezea watoto wa Afrika malaria na maambukizi mengine. Jaribio la REACH, lililofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa 2019, lilionyesha kinyume chake: maumivu yalipungua, mahitaji ya kuongezewa damu yalipungua, na malaria na vifo vilipungua pia. Lakini dawa zote hizi hazimfikii mtoto ambaye hakuna anayejua kwamba anaumwa.

Njia ya kumjua iko karibu kuliko tunavyodhani. Utafiti wa taifa wa demografia na afya wa 2022 unaonyesha kwamba asilimia 81 ya uzazi hufanyika kwenye vituo vya huduma, na hata wanaozaliwa nyumbani wengi wao hufikishwa kliniki kwa chanjo. Hospitali ya Muhimbili, ambako wagonjwa wa selimundu wamefuatiliwa kwa utaratibu tangu 2004, na Bugando pia, zimekwisha kujaribu kuwapima watoto wachanga. Majirani zetu Uganda walifanya jambo la busara kubwa. Mwaka 2014 na 2015 walichukua karatasi zenye matone makavu ya damu zilizokwisha kukusanywa nchi nzima kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto, wakazipima tena selimundu katika maabara kuu ya Kampala. Katika sampuli zaidi ya 97,000, asilimia 13.3 walikuwa wabebaji na asilimia 0.7 walikuwa wagonjwa. Hakuna mtoto aliyechomwa upya kwa ajili ya kazi hiyo, na wizara ikapata ramani ya wilaya za kuanza nazo. Siku hizi vipo pia vipimo vya haraka vinavyotoa jibu kwa dakika chache bila umeme.

Wapo watakaosema kwamba wizara inayohangaika na malaria, kifua kikuu na vifo vya wajawazito haina nafasi ya vinasaba. Lingenishawishi pingamizi hilo kama ningekuwa naomba mfumo mpya. Mtoto wa selimundu tayari yumo ndani ya bajeti hizo: analazwa, anaongezewa damu, anatibiwa homa isiyoisha, ila hatumtambui kwa jina la ugonjwa wake. Zito zaidi ni pingamizi kwamba kupima bila tiba ni ukatili. Nalikubali, na ndiyo maana nasema kituo chochote kisianze kupima kabla Bohari ya Dawa haijahakikisha penisilini na haidroksiyurea, na kabla mama hajapewa tarehe ya kliniki pamoja na jibu.

Halafu kuna mambo ya nyumbani, ambayo wataalamu huyapita haraka. Mtoto akigundulika, lawama humwangukia mama: ugonjwa umetoka kwao. Ukweli ni kwamba mtoto hawezi kuugua selimundu ila amerithi kutoka pande zote mbili. Baba anayesema ukoo wake haujawahi kuwa na mgonjwa huenda anasema kweli, na bado anakibeba. Akipimwa na kukutwa hakibebi, linazuka swali jingine linaloweza kuvunja nyumba. Kwa hiyo kipimo kiwe cha mtoto. Wazazi wapimwe kwa hiari yao, kwa siri ileile tuliyojifunza kuitunza katika huduma za VVU. Na mtoto aliyebeba kinasaba kimoja, ambaye Kanda ya Ziwa ni mmoja kati ya watano, aandikwe waziwazi kwamba si mgonjwa, asije akalelewa kama mgonjwa.

Wengine wanataka sheria ya kupima kabla ya ndoa, kama Saudi Arabia ilivyofanya mwaka 2004. Siiungi mkono kwetu. Watoto wengi huzaliwa kabla ndoa haijaandikishwa au nje ya ndoa kabisa, kwa hiyo sheria hiyo ingefika imechelewa, na naogopa kwamba mzigo wa posa iliyovunjika angeubeba zaidi msichana. Kijana aliyekua akijua hemoglobini yake hahitaji kulazimishwa mlangoni pa ndoa.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba kwa wagonjwa wa selimundu. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Ni hatua kubwa, na nawaheshimu sana walioifanya. Ila upandikizaji humfaa zaidi mtoto ambaye ubongo na viungo vyake havijaharibika, na mtoto huyo hupatikana tu ikiwa alipimwa mapema. Vivyo hivyo kwa mabingwa wa vinasaba ambao tunapaswa kuwasomesha: wakirudi wakute kliniki zenye wagonjwa wanaojulikana, na wauguzi waliokwisha kuzoea kuzungumza na familia kuhusu kurithi. Wauguzi haohao ndio watakaompokea mama wa mtoto mwenye mgongo wazi, au wa mtoto mwenye ualbino anayehitaji kukingwa na jua tangu mwezi wa kwanza.

Ninachoomba ni mstari katika kila kadi ya kliniki ya mtoto, kuanzia mikoa ya Ziwa na Pwani: aina ya hemoglobini, tarehe ya kipimo, na kliniki atakayohudhuria. Hapo kutaandikwa AA, AS au SS. Kazi ya chuo hiki iwe kuhakikisha kwamba hakuna muuguzi wala tabibu anayehitimu hapa kabla ya kuweza kumweleza mama, kwa maneno ya kawaida, maana ya herufi hizo mbili kwa mtoto huyu na kwa mimba ijayo.